Shairi Hili ni la Nani, Anaambiwa Nani? Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu mashairi wanayoyapenda na wanayowasomea wengine wakati wa majira na matukio ya maisha: harusi, msiba, kustaafu, mwanzo wa masika. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na takriban zote zinauliza jambo moja, yaani mtu atajuaje kwamba shairi fulani linafaa siku fulani. Kabla sijajibu barua moja moja, niitaje mapema rai yangu ili msomaji aipime mwenyewe. Wengi wetu huchagua shairi kwa kutazama linazungumzia nini, ilhali swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni nani anayesema ndani yake na anamwambia nani. Shairi lenye neno "ndoa" halifai kila harusi, wala lenye neno "mauti" halifai kila msiba.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni shangazi wa binti anayeolewa hapa Tanga baada ya mfungo. Kamati ya sherehe imepanga mshereheshaji asome ukumbini zile beti za Utendi wa Mwana Kupona zinazohusu mke na mumewe. Binti amezisoma na amekataa katakata. Anasema hawezi kukaa jukwaani asomewe mbele ya umati namna ya kumpepea mume akiwa usingizini. Wazee wa upande wa mama wameudhika, kwa kuwa utendi huo umesomwa kwao tangu enzi za bibi zao. Nimeachwa katikati. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, shangazi, na pole kwa mzigo huo. Nionavyo mimi, binti ana haki ya kukataa na wazee wana haki ya kuupenda utendi, na aliyekosea ni kamati.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi huu mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, naye alikuwa mgonjwa na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Aliutunga kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Tazama anavyoanza:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia.

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Mama amelala kitandani mwaka mzima, anamwita mwanawe asogee, aje mbele aketi, aje na wino na karatasi. Hapo hapana ukumbi wala kamati. Wako watu wawili chumbani, na mmoja wao anajua kwamba muda wake umebaki mchache. Maneno yanayofuata kuhusu dini, adabu, wakubwa, maskini na mume yote yanatoka katika kinywa hicho kimoja na kuingia katika sikio hilo moja. Hata pale panapotajwa zile radhi tano ambazo kiumbe anazihitaji, za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume, anayezitaja ni mama ambaye mwenyewe ameolewa, amefiwa, na sasa anamkabidhi mwanawe alichonacho.

Sasa mpe mshereheshaji beti hizo hizo. Anayesema amekuwa mwanamume asiyemjua binti, anasema kupitia kipaza sauti, na wanaosikia ni wakwe. Hakuna neno hata moja lililobadilika, lakini wasia umegeuka kuwa masharti ya mkataba yanayosomwa hadharani kabla ya mali kukabidhiwa. Binti amelisikia hilo vizuri kuliko kamati. (Na kwa kuwa tumekitaja kipaza sauti, niongeze kwamba vipaza sauti vya kumbi zetu vimeharibu beti nyingi kuliko wasomaji wabaya.) Isitoshe, kamati imechomoa beti za mume peke yake na kuziacha za ugonjwa, za dua na za kuwatendea watu wema, ambazo ndizo zinazozibeba zile nyingine.

Ushauri wangu ni kwamba utendi usomwe, ila usomwe nyumbani, usiku mmoja kabla ya harusi, wakiwamo wanawake wa ukoo tu, na asome mama yake binti au wewe mwenyewe. Anzeni na beti tatu nilizozinukuu, msiziruke. Dua iliyo kwenye sehemu za mwisho mpeni binti aisome, ili naye awe na sauti ndani ya utendi. Kama kuna ubeti asioukubali, na aujibu kwa ubeti wa kwake. Ushairi wa Kiswahili ni wa kujibizana tangu zamani, na malenga aliyejibiwa huhesabu kwamba amesikilizwa. Wazee wako watayapokea majibu ya binti kwa urahisi kuliko wanavyopokea kukataa kwake, hasa kama vina vimekaa sawa.

Kuhusu ukumbi, waacheni wanawake waimbe nyimbo za harusi za kwenu zenye kibwagizo cha kuitikiwa na wote. Kama mnataka wasia wa mzazi wa zama za karibu zaidi, Shaaban Robert aliacha tenzi mbili za namna hiyo, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake. Nazo zinahitaji msomaji ambaye ni mzazi kweli, au aliyesimama mahali pa mzazi.

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mama yetu alifariki mwezi uliopita, na familia imenipa jukumu la kusoma shairi katika ibada ya shukrani hapa Morogoro. Nimechagua lile la Shaaban Robert linaloanza "Amina umejitenga, kufa umetangulia". Kaka yangu anasema halifai, lakini hawezi kueleza kwa nini. Mimi naona ni shairi zuri la msiba kuliko yote niliyosoma shuleni.

JIBU: Poleni sana kwa kufiwa. Kwa uzuri wake sitabishana nawe, kwa kuwa mimi pia naliweka juu. Lakini kaka yako ameona kitu.

Shaaban Robert alimlilia humo mkewe. Anamwita kwa jina, anamfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua, na ubeti wa kwanza unafungwa kwa kauli kwamba mapenzi waliyofunga hapana wa kuyafungua. Hiyo ni kauli ya mume. Mtoto akiisema juu ya jeneza au picha ya mama yake, maneno yanakosa mwenyewe. Na kama baba yenu yu hai na amekaa safu ya mbele, utakuwa umemnyang'anya maneno ambayo yeye peke yake ana haki ya kuyasema. Muulizeni baba kwanza. Inawezekana atataka kulisoma mwenyewe, na ikiwa hana nguvu za kusimama, wewe ulisome baada ya kusema wazi mbele ya watu kwamba unasoma kwa niaba yake. Sentensi hiyo moja inatosha kulirudisha shairi mahali pake.

Wapo pia wanaopeleka Al-Inkishafi misibani, na kwa kuwa barua nyingine mbili zimeutaja, nieleze hapa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utendi huo karibu na mwanzo wa karne ya 19, akiyatazama magofu ya Pate iliyokuwa na fahari. Kuna mahali anapozitaja nyumba za matajiri:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Madaka ni vile vijishubaka vilivyochongwa katika kuta za nyumba za mawe, ambamo zilipangwa sahani za kaure kutoka nchi za mbali ili mgeni azione. Sasa makinda ya ndege yamelala humo. Sijui mistari miwili inayobeba anguko la mji kwa ufupi kuliko hii. Hata hivyo, mshairi hamwambii mfiwa. Anauambia moyo wake mwenyewe, anauonya usidanganyike na dunia. Ukimsomea mtu aliyefiwa jana, yeye atasikia kwamba unamwonya, na mfiwa hahitaji onyo. Uweke kwa siku za baadaye, mwisho wa mwaka au kumbukumbu ya miaka kadhaa, wakati ambapo kila aliyeketi anaweza kujisomea moyo wake.

Kwa ibada yenu, kama baba hatalisoma la Amina, chukueni kitu ambacho mama mwenyewe alikuwa akikisema au kukiimba, hata kama ni bembelezi alilowalazia nyote. Msomaji wa wasifu wa marehemu akimaliza, wewe simama, lisome polepole kama shairi, bila kuliimba. Nina hakika kaka yako hatapinga.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Naishi Stockholm, Uswidi, nikitokea Mombasa. Majirani zangu wana desturi ya kukutana kila majira yanapobadilika, na kila mmoja husoma shairi alipendalo la majira hayo katika lugha yake kisha akalieleza. Yangu ya majira ya baridi yananishinda. Nimetafuta shairi la Kiswahili lenye theluji sikupata. Nilifikiria kusoma "Kimya kina mshindo mkuu" kwa sababu huku wakati wa baridi kimya ni kingi. Waonaje?

JIBU: Njema, dada yangu wa Mombasa. Theluji usiitafute, hukuiacha huku. Majira yetu yanahesabiwa kwa pepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, yakarudi na kusi kuanzia Aprili, na katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari ilichafuka na safari ndefu zikasimama. Kwa hiyo wakati Stockholm imefunikwa na theluji, Mombasa iko katika kaskazi, jua kali, majira ambayo zamani yalijaza bandari vyombo na wageni. Wewe unaweza kuwasomea majirani zako jambo ambalo hakuna mwingine mezani analo, yaani kwamba katika mwezi huo huo ambao wao wanajifungia ndani, kwenu ni msimu wa kupokea watu.

Kuhusu shairi ulilolifikiria, tafadhali liache. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, hasifu utulivu hapo. Anasema kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele (ndivyo wasemavyo wazee), kisha anawatahadharisha watu na kimya chenyewe, kwa kuwa kina mambo mbele. Huyo ni mtu wa siasa za Mvita, yaani Mombasa, anayewaambia mahasimu wake kwamba asiyejibu ana lake. Nimeliona likisomwa mara nyingi kama sifa ya upole, na kila mara nimewaza Muyaka angecheka kiasi gani. Ukiwasomea majirani katika usiku wa baridi ukisema ni shairi la amani, utakuwa umewatishia bila wao kujua.

Ukitaka kitu kinachofungamana na majira kwelikweli, usiishie kwenye diwani zilizochapishwa. Mashairi yetu ya majira yako zaidi katika nyimbo za kazi, kwa sababu mvua na upepo kwetu vilimaanisha kazi kabla ya kumaanisha mandhari. Ziko wawe za wakulima, ziko kimai za mabaharia. Wabajuni wa mwambao wa kaskazini mwa Kenya wana vave, zinazoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma msitu uliofyekwa kwa ajili ya shamba jipya. Hizo ni nyimbo za ukingo wa majira hasa, kiangazi kikiwa kinaisha na mvua ikisubiriwa. Mpigie simu mzee mmoja wa huko nyumbani umwombe beti mbili tatu kwa sauti yake, uzirekodi, kisha uwasikilizishe majirani kabla ya kuzieleza. Anayesema atakuwa mkulima, anayeambiwa atakuwa shamba na wenzake wa jembe, na hata jirani asiyejua Kiswahili atausikia mwito na mwitikio.

Zamu ya majira yenu ya joto itakapofika, una hazina nyingine. Mwezi Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kalenda ya jua ambayo wakulima na mabaharia waliihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishie hapo, kibanda cha makuti huchomwa, na wanawake waliovaa nguo zao bora huimba nyimbo ambazo nyingine ni za kejeli na kutoboleana mambo. Wachagulie wimbo wa kejeli. Mikutano ya mashairi ya majira huwa na maua mengi mno.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu anastaafu uuguzi mwezi Juni. Nimepata shairi zuri la kumuaga mwalimu mstaafu, na nilitaka kubadilisha jina na kuweka "muuguzi" palipo na "mwalimu". Je, inaruhusiwa?

JIBU: Marahaba. Mwenye shairi angekasirika, na mizani, yaani hesabu ya silabi za kila mstari, ingekasirika zaidi. "Mwalimu" ina silabi tatu, mwa-li-mu. "Muuguzi" ina nne. Utapachika neno hilo kila mahali na kila mstari utachechemea, na wasikilizaji wetu, hata wasiojua kueleza sababu, watakikunja kipaji cha uso.

Nakushauri utunge ubeti mmoja wa kwako. Utenzi ni mlango wa chini kabisa wa kuingilia: mistari minne, kila mmoja mizani nane, mitatu ya kwanza ikishea kina kimoja na wa nne ukiwa na kina kingine kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Hivi:

Baba sasa pumzika
kazi yako twaishika
wajukuu wamefika
kukulaki mlangoni.

Hesabu kwa vidole: ba-ba-sa-sa-pu-m-zi-ka. Ile "m" ya "pumzika" inahesabiwa peke yake, na ya "mlangoni" vilevile; wanafunzi wengi huiruka wakapata saba, kisha wakaongeza neno lisilo na kazi. Ukiongeza ubeti wa pili, mstari wake wa mwisho uishie kwa "ni". Anayetaka kanuni kwa urefu akitafute kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, ambacho bado hakijapata mbadala kwa anayeanza. Ubeti wangu huo si kazi ya malenga, lakini ndani yake mtoto anamwambia baba, na hilo shairi la mwalimu lisingeweza kulifanya hata ulibadilishe namna gani. Ukishausoma wa kwako, lile zuri ulilolipata unaweza kulisoma baadaye kama lilivyo, pamoja na jina la mtunzi.

SWALI: Je, mashairi huru, yasiyo na vina, yanafaa sherehe zetu?

JIBU: Yanafaa watu wachache walioketi karibu. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 ugomvi wa vina na huru umepigwa vya kutosha, nami sitaufufua. Nasema tu kwamba ukumbi uliojaa husubiri kina na kibwagizo ili nao waingie. Ukiwanyima, wanarudi kwenye sahani zao. Shairi huru msomee mchumba wako, au wazazi wa mtoto mchanga, sebuleni, kukiwa hakuna muziki.

SWALI: Mwalimu, nimepangiwa kusoma shairi la beti kumi na mbili kwenye mahafali ya mdogo wangu. Nisome zote? Na je, nilikariri au nishike karatasi?

JIBU: Chagua tano, ila usikate katikati ya hoja, na ubeti wa mwisho usiuache kwa kuwa ndimo malenga wengi hujitaja au hufunga shauri lao. Sema kabla ya kuanza kwamba umechagua baadhi, na umtaje mtunzi. Kama shairi limekufikia kwenye simu bila jina, usiseme ni la kwako wala usilibunie mtunzi; sema tu limekufikia hivyo, huenda yumo ukumbini anayemjua.

Karatasi ishike hata kama umekariri. Liandike shairi kwa mkono, kwa herufi kubwa, na katika kila mstari weka alama mwisho wa ukwapi, pale mizani nane za kwanza zinapokamilika, maana hapo ndipo pa kuvuta pumzi. Ukipumua katikati ya utao, yaani nusu ya pili ya mstari, kina cha kati kitapotea na shairi litasikika kama tangazo. Kibwagizo mfundishe rafiki mmoja mapema akuitikie, na mwambie akae nyuma kabisa ya ukumbi badala ya kukaa karibu nawe, ili watu wakisikia sauti inatoka kati yao waitikie pamoja naye tangu ubeti wa pili.